Kaburi la Mkomani na Kamusi ya Kiswahili: Maisha ya Johann Ludwig Krapf

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na jina la Johann Ludwig Krapf mapema katika masomo yake. Hutajwa kuwa mwandishi wa sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850 na wa kamusi iliyotoka mwaka 1882. Baada ya hapo mhadhara husonga mbele kwa Steere, kwa Madan na kwa Kamati ya Lugha, naye Krapf hubaki kuwa tarehe mbili katika daftari. Nyuma ya tarehe hizo, hata hivyo, mna maisha ya mtu aliyezika mke na watoto wawili wachanga, aliyefukuzwa katika nchi aliyoipenda, aliyeponea chupuchupu kuuawa kando ya mto Tana, na ambaye hakufika kamwe kule alikoamini kwamba Mungu alimtuma. Mtu wa namna hiyo alipata wapi nguvu za kuketi tena mezani na kuandika orodha za maneno? Krapf mwenyewe alilijibu swali hilo maisha yake yote kwa jibu moja: Mungu ndiye mtawala wa mambo yote, na wala mauti hayamtoki mkononi. Imani hiyo yafaa ielezwe kama ilivyokuwa, pamoja na gharama zake, kwa sababu bila hiyo ni vigumu kufahamu jinsi maandishi ya mwanzo ya sarufi na msamiati wa Kiswahili yalivyopatikana.

Malezi na Wito

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya kusini ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, Wakristo wa Kilutheri. Katika eneo hilo palikuwa na uamsho wa dini uliowazoesha waumini kuisoma Biblia majumbani, kuomba kwa pamoja na kuyatazama matukio ya kila siku kuwa kazi ya mkono wa Mungu. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Mtoto aliugua kwa muda wa miezi sita. Akiwa kitandani alisoma Biblia, hasa habari za Ibrahimu na wazee wengine wa Agano la Kale, watu walioitwa kuziacha nchi zao bila kuonyeshwa waendako. Baadaye Krapf alikihesabu kipigo kile miongoni mwa mambo yaliyomwelekeza njia. Hapo ndipo mwanzo wa mtindo wake wa kufikiri ulio dhahiri katika maandishi yake yote: baya haliachi kuwa baya, lakini halina uwezo wa kuwa neno la mwisho.

Shuleni Tübingen alisoma Kilatini na Kigiriki, na akavutiwa na ramani ya Afrika ambayo sehemu zake za mashariki zilikuwa karibu tupu. Alisoma pia safari za James Bruce, Mskoti aliyezuru Uhabeshi katika karne ya 18. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda kwa miguu hadi Basel, nchini Uswisi, palipokuwa na chuo cha kuwafunza wamishenari, akaambiwa asubiri akue. Alipokelewa mwaka 1827. Lakini wito huo haukuwa mstari ulionyooka. Baada ya miaka miwili tu aliingiwa na shaka, akaacha mafunzo na kurudi nyumbani. Alisomea teolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen hadi mwaka 1834, akawa msaidizi wa mchungaji, kisha akaiacha kazi hiyo baada ya mahubiri yake kuhusu siku za mwisho kuwachukiza wakubwa wa kanisa. Alipokutana na Peter Fjellstedt, mmishenari Mswidi, nia yake ya kwanza ilifufuka. Chama cha Misheni cha Kianglikana, yaani CMS, kilikuwa kinatafuta mtu wa kwenda Uhabeshi kwa sababu aliyekuwa ameteuliwa alifariki Cairo akiwa njiani. Krapf aliingia katika nafasi ya marehemu. Ni kana kwamba safari yake ya Afrika ilianzia kaburini.

Milango Iliyofungwa

Aliwasili Adwa, kaskazini mwa Uhabeshi, mwishoni mwa mwaka 1837. Kabla ya miezi minne kutimia, yeye na wenzake walifukuzwa. Mwaka 1839 alipata njia nyingine akafika Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko hadi mwaka 1842. Huko ndiko alikokutana na Waoromo. Aliwaona kuwa taifa kubwa, lililoenea mbali, lenye uwezo wa kulibadilisha bara zima endapo lingeipokea Injili. Alijifunza lugha yao, akaandika msamiati na sarufi, na akaanza kutafsiri Injili. Kuanzia wakati huo Waoromo wakawa shabaha ya maisha yake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa kila alichokifanya baadaye katika pwani ya Kiswahili alikifanya akiamini kwamba yuko njiani tu kuelekea kwao.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda kuwapokea wamishenari wapya na kuoa. Njiani alikamatwa na mtawala mmoja, akanyang'anywa mali yake, akafika pwani ya Bahari ya Shamu akiwa hana kitu. Nchini Misri alifunga ndoa na Rosine Dietrich, mwanamke ambaye naye alikuwa amekwisha kuonja msiba, kwa kuwa mmishenari aliyemposa hapo awali alikuwa amefariki. Walipojaribu kurudi Shoa, walikuta mlango umefungwa: mfalme hakuwataka tena. Mwaka 1843, wakiwa katika nyika iliyo karibu na Massawa, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, wakambatiza jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi. Alifariki muda mfupi baadaye, akazikwa huko huko njiani.

Mtu mwingine angeihesabu safari hiyo kuwa ishara ya kurudi kwao. Krapf aliisoma kinyume. Iwapo Mungu ameufunga mlango wa kaskazini, alifikiri, basi upo mlango mwingine, kwa kuwa Waoromo wameenea hadi kusini, karibu na pwani ya Waswahili. Mwezi Novemba 1843 yeye na Rosine walipanda chombo mjini Aden. Chombo kilivuja baharini, wakanusurika kuzama, wakarejea Aden. Baada ya siku chache walipanda chombo kingine. Mwishoni mwa Desemba walitia nanga Takaungu, na mapema mwezi Januari 1844 wakapita Mombasa kuelekea Unguja. Sultani Sayyid Said bin Sultan alimpokea vyema na kumpa barua ya kuwataka watawala wake wa pwani wamtendee wema. Mwezi Mei mwaka huo, Krapf na mkewe walihamia Mombasa.

Julai 1844

Kazi ilianza mara moja. Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhidini, mwenyeji wa Barawa, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Tukio hilo lina uzito wake katika historia ya lugha. Mkristo aliyetumwa kuhubiri aliketi kama mwanafunzi mbele ya mwanazuoni wa Kiislamu, na sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa katika miaka hiyo hiyo ya 1840 katika jarida la Jumuiya ya Mashariki ya Marekani. Kiswahili kilikuwa na maandishi yake kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya Krapf kuzaliwa. Alichokifanya Krapf ni kukiandika kwa hati za Kirumi, kwa utaratibu aliouendeleza katika sarufi na kamusi.

Mwezi uliofuata maradhi yaliingia nyumbani. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897, zaidi ya nusu karne baadaye. Watu walidhani homa hutokana na hewa mbaya, na Mzungu aliyefika pwani alijua tu kwamba huenda asiumalize mwaka. Krapf aliugua kwanza. Rosine naye alishikwa na homa akiwa mja mzito, na tarehe 6 Julai akajifungua mtoto wa kike. Homa ikazidi. Wote wawili walilala katika nyumba moja, kila mmoja akiwa hoi kiasi cha kutoweza kumuuguza mwenzake. Alipohisi mwisho wake umekaribia, Rosine aliwaombea watu wa Afrika Mashariki na mtawala wao, na akataka azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapita njia walionapo kaburi lake wakumbuke kilichomleta. Alifariki tarehe 13 Julai 1844. Mumewe alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilimlazimu kujikaza ndipo ainuke na kuhakikisha kwamba mkewe amekata roho kweli. Siku mbili baadaye mtoto naye alifariki, akazikwa pamoja na mama yake. Kaburi lao liko Mkomani, katika eneo la Nyali.

Barua ambayo Krapf aliwaandikia wakuu wa CMS jijini London baada ya msiba huo imekuwa maarufu kuliko maandishi yake mengine yote. Hakuomba arudishwe nyumbani wala hakulaumu. Aliwaarifu kwamba sasa lipo kaburi la mmishenari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili ya kuanza kwa mapambano. Aliwahimiza waione saa yao imewadia, kwa hoja kwamba ushindi wa kanisa hupatikana kwa kupita juu ya makaburi ya wanachama wake. Wapo wanaoisoma barua hiyo na kuona ushujaa. Wapo wanaoisoma na kuuliza kama mtu ana haki ya kuligeuza kaburi la mke wake kuwa hoja siku chache tu baada ya kuzika.

Swali hilo ni la haki, na halipaswi kufunikwa kwa sifa. Hata hivyo, kumwona Krapf kuwa mtu asiye na hisia ni kumkosea. Mtoto wake wa kwanza alimpa jina la chozi. Katika kumbukumbu zake anaeleza waziwazi jinsi majonzi yalivyomlemea. Alichokataa ni kuyafanya majonzi hayo kuwa tafsiri ya mambo yote. Kama Ayubu wa Biblia, hakupewa sababu ya msiba wake. Kwake, kumwamini Mungu aliye mtawala wa yote hakukuwa na maana ya kudai kwamba anaelewa ni kwa nini Rosine alikufa. Maana yake ilikuwa kwamba, ingawa haelewi, kazi ya kesho bado ni yake. Alipopata nguvu, aliurudia msamiati wake.

Rabai na Ukambani

Kwa takriban miaka miwili Krapf alifanya kazi bila mmishenari mwenzake. Tarehe 10 Juni 1846 aliwasili Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, naye pia mzaliwa wa Württemberg. Wazee wa Rabai waliwakubalia kujenga, na tarehe 25 Agosti 1846 wamishenari hao wawili walihamia huko. Wote wawili walikuwa na homa siku hiyo. Walipanda mlima wakipokezana punda mmoja, na misheni ikaanzishwa na wagonjwa wawili waliohitaji kulala chini kuliko kujenga. Krapf aliona fahari ya namna yake katika udhaifu huo: kazi iliyoanza hivyo isingeweza kudaiwa na mwanadamu kuwa imetokana na nguvu zake.

Matunda hayakuonekana. Wakazi wa Rabai walikuwa na dini yao, kaya yao na utaratibu wao wa wazee, na hawakuona haja ya kuviacha. Katika ibada za mwanzo msikilizaji mmoja alitaka kujua watu watapewa nini wakija kila Jumapili. Ilipita miaka kabla ya kubatizwa mtu wa kwanza, Mringe, aliyekuwa kilema na aliyebatizwa akiwa mgonjwa mahututi. Wakati huo vifo viliendelea. Johannes Wagner, aliyekuja mwaka 1849, alifariki baada ya wiki chache. Pfefferle, aliyefika mwaka 1851, naye alizikwa upesi.

Safari za bara zilileta habari ambazo Ulaya ilizikataa kwanza. Mwezi Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Mwaka huo huo Krapf alisafiri hadi Usambara kwa mfalme Kimweri. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona kwa mbali mlima ambao Wakamba waliuita Kiinyaa, akaliandika jina hilo kwa namna iliyokuja kuwa jina la nchi nzima. Mataalamu wa London waliwacheka wote wawili, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Jaribu kali zaidi lilimpata mwaka 1851. Krapf alirudi Ukambani akitumaini kuanzisha kituo, chini ya ulinzi wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Mwezi Agosti walikwenda pamoja kuelekea mto Tana. Karibu na mto walishambuliwa. Kivoi aliuawa, watu wake wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake nyikani bila chakula. Alijikokota hadi mtoni, akanywa, kisha kwa kuwa hakuwa na chombo akajaza maji katika mkebe wa darubini na katika mtutu wa bunduki yake, akauziba kwa nyasi. Alitembea usiku na kujificha mchana. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi, walimtuhumu kwa kifo cha ndugu yao, ikambidi atoroke tena usiku. Huko pwani habari zilikwisha kuenea kwamba amekufa. Alifika Rabai mwezi Septemba akiwa amekonda na kuchakaa, naye aliamini bila shaka yoyote kwamba Mungu ndiye aliyemvusha.

Hapa pia kuna jambo la kutafakari. Kivoi aliuawa, Krapf akapona. Ikiwa kupona kwa mmoja ni kazi ya mkono wa Mungu, kifo cha mwingine kiitweje? Krapf hakulichimba swali hilo kwa kina. Imani yake ilimwezesha kuyabeba maumivu yake mwenyewe, lakini haikumpa kila mara macho ya kuyaona maumivu ya Waafrika waliosafiri naye kwa uzito ule ule. Vivyo hivyo, maandishi yake kuhusu Uislamu na kuhusu dini za Mijikenda na Wakamba yamejaa hukumu kali ambazo msomaji wa leo hawezi kuzikubali. Alijifunza kutoka kwa kadhi, ila hakuiheshimu dini ya kadhi. Mtu anaweza kumwachia Mungu hatima yake mwenyewe, na bado akaharakisha kuwatolea wengine hukumu ambayo kwa imani yake hiyo hiyo ni ya Mungu.

Miaka ya Kornthal

Afya yake ilivunjika. Mwaka 1853 aliiacha pwani. Alijaribu kurudi kupitia Uhabeshi, akazidiwa na maradhi, na hatimaye mwaka 1855 akapata makao Kornthal, kijiji cha waumini karibu na Stuttgart. Alikuwa na umri wa miaka 45, na kwa vipimo vya kawaida alikuwa ameshindwa. Hakuwafikia Waoromo alivyokusudia. Mnyororo wa vituo vya misheni aliouwaza, kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika, ulikuwa na pete moja tu, nayo ni Rabai, alikobaki Rebmann na kikundi kidogo cha watu.

Kilichobaki mkononi mwa Krapf kilikuwa karatasi. Sarufi yake ya Kiswahili na msamiati wa kulinganisha lugha sita za Afrika Mashariki vilikwisha kuchapishwa mwaka 1850 alipokuwa Ulaya kwa muda. Mwaka 1854 hati za tenzi za Kiswahili alizozikusanya, ukiwemo Utenzi wa Tambuka, ziliwekwa katika hazina ya Jumuiya ya Mashariki ya Ujerumani huko Halle, na kwa njia hiyo utenzi wa Kiislamu ulioandikwa Pate mwaka 1728 ukahifadhiwa kwa mkono wa mmishenari Mkristo. Mwaka 1858 alichapisha kitabu cha safari zake kwa Kijerumani, na mwaka 1860 kikatoka kwa Kiingereza. Kitabu hicho kiliwagusa Wamethodisti wa Uingereza, wakamwomba awaongoze. Mwaka 1862 alikuwa tena Mombasa, akawasaidia kuanzisha misheni ya Ribe, alikokuja kufanya kazi Thomas Wakefield. Ilikuwa mara yake ya mwisho kuiona pwani.

Nyumbani misiba haikumwacha. Mke wake wa pili, Charlotte Pelargus, alifariki mwaka 1868. Rebmann alirudi Ujerumani mwaka 1875, baada ya takriban miaka 29 Afrika Mashariki, akiwa kipofu. Aliishi karibu na rafiki yake wa zamani, akafariki mwaka uliofuata. Krapf aliishughulikia kamusi ya Kinyasa iliyoachwa na Rebmann, ikatoka mwaka 1877. Alisimamia pia uchapishaji wa Biblia ya Kiamhari na kuendeleza tafsiri za Kioromo. Kwa njia hiyo aliwatumikia kwa kalamu watu ambao miguu yake haikuwafikia.

Wakati wote huo kamusi ya Kiswahili ilikuwa mezani. Maneno aliyoanza kuyakusanya Mombasa mwaka 1844, katika miezi ile ile ya msiba, aliyapanga, akayaongeza na kuyafafanua. Tarehe 26 Novemba 1881, akiwa na umri wa miaka 71, alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilichapishwa London mwaka 1882. Ina zaidi ya kurasa 400, na msingi wake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mwandishi wake hakuishika mkononi.

Njia Iliyogeuka Kuwa Kazi

Wataalamu wa isimu wameonyesha kasoro za kazi ya Krapf. Tahajia yake ni ngumu na haifanani daima. Baadhi ya fasili zake zimechanganyika na maoni yake ya kidini. Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kwa uwazi zaidi mwaka 1870, na lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Aidha, ni kweli kwamba habari za wamishenari hao ziliwafungulia njia wavumbuzi, na baada ya wavumbuzi wakaja watawala wa kikoloni. Hakuna maisha ya mtu wa karne ya 19 yanayoweza kutengwa na historia hiyo.

Pamoja na hayo, kamusi ya Krapf haijapoteza thamani. Harry Kerr Binns aliirekebisha na kuitoa upya mwaka 1925. Watafiti wa Kimvita na wa ushairi wa kale bado huitafuta wanapokwama katika neno lililopotea, kwa kuwa ndani yake mna Kiswahili cha Mombasa kama kilivyosemwa katikati ya karne ya 19, pamoja na methali, majina ya vyombo vya bahari na desturi za nyumbani. Krapf alidhani kwamba Kiswahili ni ngazi ya kupandia kwenda mahali pengine. Ngazi yenyewe ndiyo iliyodumu. Mja hupanga na Mola hupangua, husema watu wa pwani, na kwa Krapf kupanguliwa huko hakukuwa hasara tupu.

Huo ndio ugumu wa imani katika utawala wa Mungu, na maisha haya yanauonyesha bila kuurahisisha. Mafundisho mengi kuhusu majaribu humwahidi muumini kwamba atakapostahimili atapewa alichokiomba, pengine maradufu. Krapf hakupewa. Aliomba apewe Waoromo, akapewa makaburi, homa na orodha ya maneno. Hakuacha kuomba, na hakuacha kuandika. Subira yake haikuwa ya mtu aliyekunja mikono akingoja muujiza. Ilikuwa subira ya mtu anayeuliza maana ya neno moja, analiandika, kisha anauliza la pili, akiwa amemwachia Mungu swali la faida yake.

Mwaka 1875 CMS ilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yakaitwa Frere Town. Hapakuwa mbali na kaburi la Rosine. Watu waliotekwa kutoka bara, wengi wao wakiwa na lugha tofauti, walikusanyika hapo wakasali na kusoma kwa Kiswahili. Krapf alikuwa mzee Kornthal wakati huo, naye aliishi kuzipata habari hizo. Rosine alikuwa ametaka kaburi lake lionwe na watu wa Afrika. Miaka 31 baada ya kuzikwa kwake, walikuwa wakiishi karibu nalo.